Pombe iliyonipanda kichwani bila kuinywa

Msomaji wangu, aibu ziko za aina nyingi. Iko ya kuanguka matopeni na suti mbele ya wakwe, na iko ya kudaiwa mbele ya wanao. Ya kwangu mie ilikuwa ya kusimama katikati ya chumba nimelowa pombe kutoka utosini mpaka kwenye soksi, wakati hata tone moja sijaonja, na mlangoni kasimama shangazi yangu na fimbo yake ananitazama. Tena pombe yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya wageni wa mahari ya mjukuu wake.

Ngoja nianze mwanzo, la sivyo mtanihukumu bure.

Mie ni fundi majokofu hapa Singida mjini. Friji, mafriza ya samaki, mitambo ya maduka ya soda, yote nazibua na kujaza gesi. Kazi hii nimeifanya Dar es Salaam miaka mingi kabla sijarudi nyumbani. Ufundi nilisoma kwa fedha ya pombe, na hilo silifichi. Mama alifariki nikiwa mdogo, akanichukua shangazi kule upande wa Ilongero, na shangazi hakuwa na kazi nyingine ila shamba lake la uwele na wanzuki. Ada ya shule ikidaiwa, mtungi unapikwa. Sare ikichanika, mtungi unapikwa. Watoto wenzangu walikuwa wakinitania kuwa daftari zangu zinanuka klabu. Ni kweli zilinuka.

Kwa wasioijua, wanzuki ni pombe ya asali. Kwetu asali ni ya wanaume na pombe ni ya wanawake: wanaume wanatundika mizinga huko kwenye vichaka vya Manyoni na Itigi, wanawake wanajua la kufanya asali ikifika. Shangazi alikuwa akichanganya asali na maji ya vuguvugu, anatia kimea cha uwele na yale masega meusi yenye chavua ambayo wewe na mimi tungeyatupa, anafunika, anasogeza mtungi karibu na jiko. Siku ya pili unausikia unaongea wenyewe, pwii, pwii, kama uji unaochemka bila moto. Ikiwa tayari anaijaza kwenye vibuyu, na mdomoni anachomeka gunzi la mahindi. Halikazi. Nilipokuwa mtoto nilimkazia gunzi moja kwa nyundo ya jiwe ili kumsaidia, nikachapwa.

"Pombe inapumua," aliniambia. "Wewe ukizibwa pua na mdomo utakaa?"

Kumbukeni hilo gunzi. Mie nililisahau, na ndiyo habari yenyewe.

Sasa miguu ya shangazi imevimba, na macho yana ukungu. Ameacha kupika. Mwaka jana zikaja habari njema: mjukuu wake amepata mchumba, kijana wa Iramba, na wazee wa upande wa kijana watashuka kutoka Kiomboi siku ya Jumamosi kuleta mahari. Shangazi akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kidogo kama mtu anayeona haya.

"Baba," akasema, maana akitaka jambo kubwa ananiita baba, "sitaki wakwe wanywe bia za dukani kwangu. Miaka yote hii watu wamekunywa kwangu. Nipikie wewe. Asali ninayo ndoo moja, ndiyo ya mwisho."

Mwanaume kupika pombe! Lakini alishajua kuwa naipika kwa siri. Na siri yenyewe ilikuwa hivi.

Nilipokuwa Dar nilinunua kwenye vyuma chakavu lile pipa jembamba la chuma kisichoshika kutu, ambalo zamani mahoteli yaliletewa soda ndani yake. Wenyewe wanaliita kegi. Linachukua lita 19, lina mfuniko wa mviringo uliobinywa kama yai, na ule mfuniko unafungia kwa ndani, kwa hiyo gesi ikizidi ndiyo kwanza unakaza. Juu yake kuna kipete cha kuvuta ili kupunguza gesi. Mtu mwenye mageji na valvu za friji nyumbani akiliona pipa kama hilo, mkono unamwasha. Nikalifungia geji, nikalifungia valvu niliyoitega iachie gesi ikifika pauni 15, nikaanza kuchachushia humo pombe ikiwa imefungwa.

Faida? Msomaji, sikiliza, maana hapa mzee mzima nilikuwa najidai sana. Hamira ikila sukari inatoa kilevi na gesi, ile ile ya kwenye soda. Watu wengi wanaiacha gesi iende zake. Ukiifungia ndani, mambo mawili yanatokea. La kwanza, pombe inakamilika ikiwa na povu lake, huhitaji kuongeza kitu. La pili ndilo kubwa kwa mtu wa Singida. Joto letu la mchana likifika nyuzi 30, hamira inakuwa kama mtoto aliyekunywa soda tatu, inafanya kazi mbio na kuachia harufu za ajabu, mara ndizi mbivu, mara rangi ya kucha. Wazungu wanapoza matangi yao kwa mitambo. Mgandamizo nao unaituliza hamira, kwa hiyo unaweza kuchachusha kwenye joto bila kulipia umeme wa friji, na harufu zile zinapungua.

Kilichobaki ilikuwa ni hopsi. Mpwa wangu yuko Ujerumani, mji wa Munich, na jirani na hapo ndipo kuna mashamba makubwa ya Hallertau. Alinitumia pakiti ya gramu 100, na nyingine ndogo ya hamira ya bia. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa kama mpesheni. Hukaushwa, husagwa na kushindiliwa mpaka yanakuwa vidonge vya kijani vinavyofanana na chakula cha kuku wa kisasa. Ukivichemsha vinatoa uchungu, ule wa bia yoyote ya dukani. Lakini ukichemsha, harufu inatoka na mvuke. Ukitaka harufu unavitia baadaye, bila kuchemsha, pombe ikiwa inamalizia kuchachuka, unaviacha siku mbili tatu. Nilivunja kidonge kimoja kiganjani nikanusa. Majani mabichi, ganda la chungwa, na kitu kama utomvu wa msonobari. Nikasema wakwe wa Kiomboi watanikoma.

Basi nikapika. Ijumaa, wiki moja kabla ya wageni, nilitengeneza uji mwepesi wa uwele na kimea, nikauacha kwenye joto mpaka ukawa mtamu kama togwa, nikauchuja, nikauchemsha, ukapoa. Nikatia karibu nusu ya ndoo ya asali ya shangazi, nikatia hamira ya Munich, nikafunga kegi likiwa na lita 17. Hapo tayari kuna kosa: nililijaza mno, halikuwa na nafasi ya kupumulia. Kegi lenyewe lilikaa kwa shangazi, chumba cha nyuma, ili aweze kulikagua. Kila asubuhi alikuwa anakuja kuweka sikio kwenye chuma.

"Mbona halisemi kitu?"

"Limefungwa, shangazi. Ni la kisasa."

"Hmm," akasema.

Jumatano jioni nikaenda na pakiti yangu ya hopsi. Geji ilikuwa pauni 15 kamili. Nikavuta kipete, gesi ikatoka kwa mlio wa basi linapofunga breki, fyuuuu, mpaka ikanyamaza. Nikaangalia geji. Sifuri. Nikafungua mfuniko, nikainama kunusa, nikapima gramu 60 za vidonge, nikazimimina zote kwa pamoja.

Kwa muda wa kama pumzi mbili hakukuwa na kitu. Halafu nikasikia sauti kama ya mvua inayokuja kutoka mbali.

Bwana wee! Povu la kijani lilitoka pale mdomoni kama limetumwa. Lilinipiga usoni, likaingia kwenye masikio, likaingia kwenye mfuko wa shati palipokuwa na simu. Nikafanya kile ambacho mwenye akili hafanyi: nikajaribu kurudisha mfuniko. Mfuniko wa yai hauingii bila kuupindisha, na mikono inateleza. Nikalikumbatia kegi, miguu ikateleza kwenye povu, tukaenda chini mimi na yeye. Lilikuwa linakoroma ubavuni kwangu kama ng'ombe aliyechinjwa.

Hapo ndipo nikaona fimbo ya shangazi mlangoni.

Mtoto yeyote wa dukani angeniambia kilichotokea. Chukua soda, ifungue taratibu, itulie kabisa, halafu tia kijiko cha chumvi. Si inaruka? Gesi iliyo juu ya kinywaji ndiyo inayosukuma mshale wa geji. Gesi iliyojificha ndani ya kinywaji geji haiioni. Ipo, imetulia, inangoja mahali pa kushika ili igeuke povu, na unga wa hopsi una mamilioni ya mahali pa kushika. Kibaya zaidi ni kwamba mie hili nalijua! Gesi ya friji hujificha vivyo hivyo kwenye oili ya kompresa. Ukiipunguzia mgandamizo ghafla oili inafura povu na kuhama. Nimewafokea vijana wangu wa karakana kwa kosa hilo hilo: "Geji ikisoma sifuri usiiamini, subiri!" Fundi mzima, miaka yote hiyo, nikachemsha kwa somo ninalolifundisha.

Shangazi hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Alitazama sakafu, akatazama ndoo yake ya asali iliyobaki nusu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Imebaki kiasi gani?"

Nikapima. Lita 4.

"Leo Jumatano," akasema. Akaanza kuhesabu kwa vidole, na nikaona midomo yake inatetemeka. Niliwahi kumwona hivyo mara moja tu, mwaka niliofukuzwa shule kwa ada. Usiku ule alipika mtungi mpaka alfajiri.

Nikamwambia nitanunua bia, kreti kumi, ishirini, nitakopa. Akaniangalia kama vile nimetukana. Akaketi kwenye kigoda. "Vua shati hilo lililolowa. Lete mtungi ule mkubwa. Leta kuni."

Usiku ule, msomaji, nilikuwa mikono na yeye alikuwa kichwa. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo aliyapima maji kwa kuchovya kidole, asali kwa kulamba, kimea kwa kukisikiliza kikikwaruza kiganjani. "Ongeza. Basi. Koroga kutoka chini, usichezee juu." Asali haikutosha, na asubuhi niliuza baiskeli yangu aina ya Phoenix nikaenda sokoni kununua nyingine. Mke wangu mpaka leo anaamini iliibwa, naomba gazeti hili lisifike kwangu wiki hii.

Kisha akauliza ile mabaki yangu, zile lita 4 za aibu. Nilikuwa nimeziweka kando kwenda kuzimwaga. "Inachacha bado?" Nikamwambia hamira iko hai, tena imejaa tele. "Mwaga humu." Nikasita, nikamweleza kuna majani ya Ulaya ndani. Akanusa kwa muda mrefu. "Mwaga."

Alifanya hesabu ya kipishi, siyo ya maabara, lakini ilikuwa sahihi. Kwa kawaida wanzuki ikianza na masega na kimea hupoteza muda mpaka hamira izaliane. Lita 4 za pombe iliyo hai ni jeshi zima limeshafika. Wakikuyu na Wakamba wa Kenya nao wana njia yao ya namna hiyo: tunda la mwegea, wao wanaliita muratina, hukaushwa na kutumika mara kwa mara, na hamira inabaki inaishi kwenye nyuzi zake. Hata Bavaria kwenyewe, ile sheria yao maarufu ya bia ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji. Hamira haikutajwa, maana walikuwa hawajui kuwa ipo. Nilimsimulia shangazi habari hii saa nane za usiku, macho yanauma kwa moshi. Akasema, "Wangeniuliza."

Alhamisi mchana mtungi ulikuwa unaongea. Ijumaa jioni tukajaza vibuyu, na mie ndiye niliyechomeka magunzi. Sikukaza. Nilipokuwa nayachomeka nilikuwa natazama lile gunzi la kwanza na kuona haya peke yangu. Hii ni valvu, jamani. Gesi ikizidi linaruka lenyewe, kibuyu kinapona. Nilitumia vyuma, nati na geji ya Taiwan kutengeneza kitu ambacho shangazi alikitoa shambani baada ya kula mahindi.

Jumamosi wazee wa Kiomboi wakafika, saba. Mazungumzo ya mahari siyaandiki, hayo ni ya ukoo, ila kulikuwa na mahali yalikwama, kwenye idadi ya ng'ombe, na ukimya ukawa mzito. Shangazi akasema wageni wapewe maji ya kunywa. Yaani vibuyu. Mshenga wao, mzee mmoja mrefu mwenye koti la kijivu, alionja, akateremsha kata, akaonja tena.

"Mama, humu umetia nini?"

Roho ikaniruka. Shangazi wala hakutikisika. "Kwa nini, baba?"

"Wanzuki nimekunywa tangu ujana. Hii ina harufu ya majani. Kama mvua ya kwanza."

"Ni majani ya mwanangu," akasema, akanielekeza kwa fimbo. "Ni fundi."

Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo niliinamia kuku. Mambo ya ng'ombe yalikwisha kabla ya jua kuzama.

Mngedhani baada ya hapo nililiuza kegi. Wapi! Mwezi uliofuata nikarudia, kwa heshima safari hii. Nililijaza lita 13 tu. Gramu 40 zilizobaki nilizifunga kwenye mfuko wa kitambaa chepesi uliochemshwa, ndani yake nikaweka sumaku ndogo niliyoizungushia plastiki. Kabla ya kufunga siku ya kwanza, niliubandika mfuko ule ubavuni kwa ndani, juu ya usawa wa pombe, ukashikwa na sumaku ya spika mbovu iliyo nje. Chuma cha kegi hakivutwi na sumaku, ila sumaku mbili zinashikana kupitia kwake. Siku ya tano nikaondoa ile ya nje, na mfuko ukadondoka ndani, chubwi. Hakuna kufungua, hakuna povu, na hewa ya nje haiingii kuichachua pombe au kuiba harufu.

Na bado likanishangaza. Pombe ilikuwa imeshatulia, geji kwenye pauni 12, valvu nimeifunga nikijua kazi imekwisha. Kesho yake nakuta 18. Kumbe hopsi mbichi zina vimeng'enya vyake, vinavunjavunja masalia ya wanga ambayo hamira ilishindwa kuyala, na hamira inaamka upya kama mlevi aliyesikia ngoma. Nikaifungua valvu haraka, kidogo kidogo, saa nzima, nikiwa nimesimama mbali kama mtu anayemlisha mbwa wa jirani. Kegi la chuma linabeba mara kadhaa ya hapo. Anayefikiri kufanya hivi kwenye dumu la plastiki au chupa ya kioo, namsihi asifanye, litamkata.

Shangazi alikunywa kikombe kizima. Akaomba mbegu za yale majani. Nikamweleza kuwa vile ni vidonge vya unga, havioti, na hata mmea wenyewe unataka siku ndefu za kiangazi cha Ulaya, jua la saa 15 na 16, wakati kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza.

Juzi nilipoenda kumjulia hali, dirishani kwake nimekuta kopo la Kimbo limejazwa udongo. Ameshaumwagilia maji. Na kwenye ile pakiti yangu, ambayo nilikuwa na hakika nimeimaliza, kumbe alishadokoa vidonge viwili.